Kuvutwa na boti juu ya mpira Nungwi: mtazame nahodha kabla ya kuutazama mpira

Swali la msomaji:

"Shikamoo nahodha. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dodoma. Mwezi wa nane tunakuja Nungwi kwa siku nne, mara yetu ya kwanza kulala kando ya bahari. Binti yangu wa miaka 14 ameona video za watu wanaovutwa na boti wakiwa wamekalia mpira, na tangu hapo nyumbani hakuna habari nyingine. Mdogo wake wa miaka 6 naye analilia. Mume wangu anasema hiyo ni bembea tu ya majini. Mimi sijui kuogelea, na mgongo unanisumbua tangu nijifungue huyu wa pili. Nitajuaje kama ni salama? Na kati yetu wanne, nani apande?"

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Nianzie mwisho wa swali lako, maana najua ndiko roho yako iliko. Binti apande. Baba yake apande naye. Wewe usipande. Huyu mdogo jibu lake lina masharti, nitalifikia.

Mume wako nampa haki kidogo tu. Bembea imefungwa juu, inakwenda na kurudi njia ile ile. Mpira hauna breki wala usukani. Umeshikwa na kamba ya mita 15 hadi 20, basi. Boti ikienda moja kwa moja, mpira unafuata nyuma kama ng'ombe mpole, na abiria huanza kuchoka baada ya dakika mbili. Raha yote ipo kwenye kona. Boti ikikata kona, mpira haugeuki nayo. Unatupwa nje ya duara kama jiwe la kombeo, na kwa sekunde chache huwa unakwenda kasi kuliko boti yenyewe. Nahodha anaijua kasi ya boti yake. Ya mpira anaikisia.

Na maji yana tabia moja ambayo mtu wa bara huwa haiamini mpaka yampate. Ukiyaingia polepole yanakupokea. Ukiyapiga kwa kasi yanakuwa magumu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kishindo hubeba nguvu mara nne, si mbili. Kuanguka kwa mwendo wa mtu anayekimbia ni kicheko. Kuanguka kwa mwendo wa daladala barabarani ni kama kutupwa sakafuni na jamvi moja tu limetandikwa.

Nimevuta mipira Nungwi na Kendwa miaka mingi, na somo langu kubwa lilinifika mwaka wa pili tu. Nilipakia bibi na bwana waliokuwa fungate. Mpira ulikuwa wa duara, ule wa kulalia kifudifudi, nao wamelala ubavu kwa ubavu. Tukazunguka mara mbili taratibu. Yule bwana akaniinulia dole gumba. Nikaongeza mwendo, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa: dole juu, ongeza. Akainua tena. Nikaongeza tena, nikakata kona. Vichwa vikagongana. Bibi akapoteza jino la mbele, bwana akashonwa nyuzi juu ya jicho. Tulipofika pwani, kitambaa kikiwa bado usoni, aliniuliza kwa upole sana kwa nini niliongeza mwendo ilhali yeye alikuwa ananiambia safi, hapo hapo.

Kwetu sote dole gumba ni "sawa", ni "poa". Kwenye boti ni "kanyaga". Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti, ishara zikubaliwe mchangani, kila mmoja azionyeshe kwa mkono wake. Dole juu, ongeza. Dole chini, punguza. Kiganja kinachopita shingoni kama kisu, simama. Kujipigapiga utosini, turudi pwani. Aliyeanguka na yuko mzima ainue mkono juu, upande hewani, aonekane. Wanaofurahia hawana haja ya ishara yoyote. Meno yao tunayaona. Na kanuni ya boti yangu ilikuwa hii: mmoja akisema punguza, wote mmesema punguza. Binti wa miaka 14 hatapenda kuonekana mwoga mbele ya baba yake, ndiyo maana kanuni hii itamkwe mbele ya wote wawili.

Sasa, utajuaje kama ni salama? Watu wengi wanaukagua mpira: ni mpya, una rangi nzuri, umejaa. Mtazame nahodha. Nenda pwani mapema, kaeni kivulini dakika ishirini mkimwangalia akivuta wengine. Anapomrudia aliyeanguka, anakuja taratibu huku akimweka upande ule anaouona vizuri? Mashine anaizima kabla mtu hajashika boti, au anaiacha ikiunguruma, pangaboi likizunguka jirani na miguu ya watu? Anapita katikati ya waogeleaji na ngalawa zilizotia nanga, au anakwenda kwenye maji matupu ndipo aanze manjonjo? Ile kamba fupi ya kuzimia mashine, ambayo mara nyingi ni nyekundu, ameifunga mkononi au mguuni, au inaning'inia tu kwenye usukani? Nahodha akianguka bila kuifunga, boti inaendelea kuzunguka yenyewe, na watu wenu wako majini. Huyo kijana aliyewafuata ufukweni kuwauzia safari, papasi kama tunavyowaita, hawezi kukujibu lolote kati ya haya. Mara nyingi hata boti yenyewe si ya tajiri wake. Ongea na mwenye usukani. Na usione haya kuuliza kama chombo kimesajiliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Mwenye karatasi huzitoa haraka, tena kwa maringo.

Kisha hesabu watu botini. Akiwa mmoja, ondokeni. Anayeendesha anatazama mbele, na hana macho kisogoni. Lazima awepo msaidizi aliyegeukia nyuma, kazi yake moja tu: kuwatazama walio kwenye mpira na kumwambia nahodha. Siku hizi adui wa kazi hiyo ni simu. Wageni wanampa msaidizi simu awapige video, naye anautazama mpira kupitia kioo cha inchi sita, akiwaza picha. Mtu akianguka, anajua baada ya sekunde tano. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, boti imeshamwacha zaidi ya mita 25. Video mnaitaka, naelewa. Piga wewe kutoka ufukweni, hata kama watu wataonekana kama punje.

Juu ya kasi yenyewe: mipira mingi ya kiwandani huandikwa kikomo cha kilomita 32 kwa saa kwa watu wazima na 24 kwa watoto. Hicho ni kikomo, na bahari yetu si ziwa la nyuma ya nyumba ya Mmarekani. Kwa binti yako na baba yake, mwambie nahodha asivuke 20. Watapiga kelele za kutosha. Atakayekwambia kwamba bila kasi hakuna raha hajui kukata kona.

Mpira upi? Hapa pwani mtakuta aina tatu nne. Ndizi ni ile ndefu ya kukaa kama juu ya farasi, watu watano sita. Inaonekana ya kitoto, na vijana wengi wa boti wamezoea kuipindua makusudi mwishoni ili watu wacheke. Watu sita wanaanguka pamoja, viwiko, magoti na vichwa vyote sehemu moja. Mkiipanda, kubalianeni kabisa kwamba haipinduliwi. Ule wa duara wa kulalia ndio uliong'oa jino la yule bibi. Sina cha kuongeza. Kwa familia nachagua sofa, wenye mgongo wa kuegemea na sakafu ya kuweka miguu. Unakaa, unaona mbele, na hukai juu sana. Kuna mingine ilitengenezwa ili iruke hewani kama tiara. Mwaka 2006 Marekani ilibidi aina moja iondolewe sokoni baada ya watu wawili kufa na wengi kuumia. Ukiona mtu anakuahidi kuruka, mshukuru uende zako.

Mpira uwe umejaa hadi ukiukandamiza kwa goti usibonyee sana. Uliolegea huzama pua kwenye wimbi na kuivuta kamba kwa nguvu mpya. Kamba nayo ipitishe mkononi yote. Nyuzi zilizochanua, sehemu iliyopauka kwa jua, fundo katikati: hapana. Fundo peke yake linaweza kuipunguzia kamba karibu nusu ya nguvu zake, na fundo maana yake ilishakatika siku moja. Iwe kamba inayoelea. Ile ya nailoni ya kutilia nanga inanyumbuka kama mpira wa manati, na ikikatika hurudi botini kwa hasira. Kamba ya watu wanne si ile ya mtu mmoja. Muulize ni ya wangapi, usikilize kama anajibu au anacheka.

Tuje kwenye bahari, maana hapa ndipo mgeni hupoteza pesa yake. Mwezi wa nane ni msimu wa kusi. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, na mashariki yote ya kisiwa, Paje, Jambiani, Kiwengwa, hupigwa usoni. Ndiyo maana wale wa tiara za kuteleza majini wanakwenda Paje. Nyinyi mmechagua vizuri bila kujua: Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi wamekingwa na kisiwa chenyewe. Lakini hata huko upepo huzidi kadiri mchana unavyokwenda. Asubuhi maji yamelala, alasiri yameamka.

Basi mngesema tutakwenda asubuhi, kwisha. Hapana. Angalieni mwezi. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na maji huwa yamekauka kabisa kwenye saa nne asubuhi, yakajaa saa kumi alasiri. Ni kila bamvua hivyo hivyo, tangu enzi za babu zetu. Kwa hiyo asubuhi ya bamvua, saa ile ile upepo umetulia, ndiyo saa mwamba na mchanga viko karibu zaidi na mgongo wa mtu anayeanguka. Huko Paje na Jambiani ni zaidi. Maji yanakimbia hadi unaona vigingi vya mashamba ya mwani vimesimama wima. Nungwi hayakimbii mbali namna hiyo, lakini usidanganyike: ule urefu wa maji unapungua vile vile.

Siku za maji mafu mambo yanageuka. Kuanzia kama tarehe 8 hadi 10 ya mwezi wa Kiislamu, na tena 22 hadi 25, maji hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hayatofautiani sana kutwa. Kina kipo, upepo bado umelala. Kwa safari yenu, hizo ndizo asubuhi zenu. Kabla ya kulipia hoteli tazama kalenda yoyote ya msikitini. Itakusaidia kuliko tovuti za hali ya hewa. Mkiwa mmeshapanga na tarehe zimeangukia bamvua, subirini saa nane au saa tisa mchana maji yakipanda, mvumilie mawimbi kidogo na mwendo mdogo zaidi. Kina kisipungue mita 2 popote mpira unapopita, tena nasema unapopita mpira kwenye kona, siyo boti.

Mdogo sasa. Miaka sita siyo inayonitisha; kinachonitisha ni uzito. Mtoto wa kilo 20 akikaa na mtu wa kilo 80 kwenye mpira mmoja, wimbi moja linamrusha mwepesi. Kwa hiyo asipande ile safari ya kasi ya dada yake. Apewe safari yake: kwenye sofa, ubavuni kwa baba, bahari imelala kama kioo, mwendo wa kilomita 10 au 12 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia pole, na kona pana kama uwanja wa mpira. Dakika tano zinamtosha, hata kama mmelipia kumi na tano. Na awe na jaketi okozi la kipimo chake. Hapa ndipo safari nyingi za watoto zinapaswa kufia mchangani, kwa kuwa boti nyingi zina ya watu wazima tu. Mvalishe, funga kila mkanda pamoja na ule unaopita katikati ya miguu, kisha mwinue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, si lake. Hakuna jaketi lake, hakuna mpira, alie mpaka achoke. Mnunulie urojo jioni.

Majaketi yenyewe hayalingani. Kuna membamba, yenye alama ya 50 ndani (kipimo cha nguvu ya kuelea), yanayomsaidia mtu anayejua kuogelea lakini hayamgeuzi aliyezimia awe uso juu. Kuna ya 100 na zaidi, yenye kola nene nyuma ya shingo, ambayo yametengenezwa yakusaidie hata ukiwa huwezi kujisaidia. Familia isiyojua kuogelea iombe ya 100. Yale ya kujijaza hewa kwa kuvuta uzi hayafai kabisa kwenye mpira. Kabla ya safari, wote wanne muingie nayo kwenye maji ya kiuno, mjilaze chali, miguu ielee. Siku ya kwanza mtu wa Dodoma hupigana na maji. Siku ya pili hugundua kwamba jaketi linafanya kazi bila yeye. Nataka ugunduzi huo utokee karibu na mchanga.

Kuanguka kuna adabu yake. Ukihisi mpira unakutupa, achia. Wanaoumia sana mikono ni waliong'ang'ania, au waliopitisha kiganja chote ndani ya mshikio, au, Mungu apishe mbali, waliojizungushia kamba. Kidevu kifuani, jikunje, ziba pua ukiwahi. Utazama nusu ya sekunde, jaketi litakuleta juu. Kisha kaa hapo hapo. Usiifukuze boti, itakuja yenyewe.

Mavazi nayasema kwa sababu wanaume hawayasemi. Dera, mtandio, khanga ya kujifunga, vyote vibaki pwani. Vitambaa virefu hushika mishikio na hufunika uso majini. Wewe na binti vaeni suruali ya kubana ya kitambaa kizito na fulana ya mikono mirefu, au vazi la kuogelea la stara. Hili si suala la stara peke yake. Mwanamke akianguka kwa kasi miguu ikiwa wazi, maji yanaweza kuingia mwilini kwa nguvu na kumjeruhi ndani. Pikipiki za majini zimebandikwa onyo hilo hilo waziwazi. Pete na bangili vueni. Nywele zifungwe, na zile za kubandika, dada yangu, bahari imechukua nyingi na haijawahi kurudisha hata moja. Mafuta ya jua yapakwe nusu saa kabla, si viganjani. Na wasipande wameshiba biriani.

Kwa nini nimekukataza wewe? Mpira ukiruka wimbi na kutua, kishindo kinapanda uti wa mgongo kuanzia makalioni, na mgongo wako umeshalalamika. Mja mzito, mwenye shingo au moyo mbovu, aliyetoka kufanyiwa upasuaji: hao nao sikuwapakia, hata walipe mara mbili. Kumbuka pia kwamba ukiumia Nungwi, hospitali iliyo jirani ni Kivunge, na Mnazi Mmoja mjini ni mwendo wa zaidi ya saa nzima barabarani. Mgongo hauupendi mwendo huo.

Lakini kazi ninayo ya kukupa. Safari ya kwanza wapande baba na binti, wewe na mdogo mkae ufukweni, msaidizi awe yule mliyezungumza naye, simu yake mfukoni. Wakirudi salama na bahari bado imelala, baba apande na mdogo, nawe na binti mwingie botini, wote mmevaa jaketi. Kaa nyuma kidogo ya katikati, chini, kwa kuwa mbele ndiko boti inakorukaruka. Mgeuke mtazame nyuma pamoja na msaidizi. Binti atakuwa ametoka kwenye mpira ule ule muda si mrefu, atausoma uso wa mdogo wake haraka kuliko sisi wote. Akikwambia mdogo kanyamaza, mguse nahodha begani asimame. Mtoto aliyenyamaza kwenye mpira ameogopa, na wakati huo mikono yake yote miwili imeshika, hawezi kukupa ishara yoyote.